Milimita 100 Juu ya Kizingiti: Kisa cha Bango la Mwanga Katika Eneo la Hifadhi, England

Duka liko chini ya nyumba ya matofali ya ghorofa mbili za juu, katika safu ya majengo ya karne ya 19, ndani ya eneo la hifadhi (mtaa ambao sura yake ya kale inalindwa kisheria) katika mji mdogo wa England. Mpangaji mpya alikodi, akamwita fundi wa mabango, na wiki mbili baadaye likapandishwa boksi la alumini lenye uso wa akriliki nyeupe na taa za LED ndani. Boksi lilikuwa na upana wa mita 5.2, kimo cha mita 0.9 na unene wa milimita 140. Pembeni likaongezwa boksi la duara lenye kipenyo cha milimita 700, limechomoza juu ya njia ya waenda kwa miguu. Katika mwezi wa pili tangu hapo ikaja barua ya halmashauri: mabango hayo hayana kibali.

Kisa ni cha mfano. Vipimo vimewekwa ili hesabu ionekane, na makosa yaliyomo ndiyo yale yale yanayofika mezani kwa maofisa wa mipango miji kila wakati. Sheria inayozungumziwa ni ya England, yaani Kanuni za Udhibiti wa Matangazo za mwaka 2007. Wales na Scotland zina kanuni zao, na mwenye duka Cardiff au Glasgow asichukue namba hizi kama zilivyo.

Kabla ya kuagiza kazi, mpangaji aliuliza swali moja tu: je, jengo limo kwenye orodha ya urithi wa taifa? Jibu lilikuwa hapana, na lilikuwa jibu sahihi. Fundi naye akasema basi hakuna kibali kinachohitajika, kwa kuwa maduka mengi aliyoyafanyia kazi barabara kuu za miji mingine hayakuomba chochote. Kwamba hayakuomba, hilo nalo lilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba swali lenyewe ndilo halikuwa lile.

Majengo yaliyoorodheshwa na maeneo ya hifadhi ni mambo mawili tofauti. Orodha hulinda jengo moja moja, nje na ndani. Eneo la hifadhi hulinda sura ya mtaa mzima. Lilianzishwa na sheria ya mwaka 1967, na la kwanza kutangazwa mwaka huo huo lilikuwa la Stamford, Lincolnshire. Leo England ina maeneo kama 10,000 ya aina hiyo, kwa hiyo uwezekano wa duka la katikati ya mji wa zamani kuwa ndani ya mojawapo ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ramani yake hupatikana kwenye tovuti ya halmashauri, na kuitazama ni kazi ya dakika tano.

Neno lingine linalopotosha ni "kibali cha ujenzi". Bango la duka kwa kawaida haliombewi kibali cha ujenzi. Linaombewa kibali cha tangazo, ambacho kina fomu yake, ada yake na vigezo vyake. Ukikipata, kibali cha ujenzi kwa kazi ya kulifunga bango huhesabiwa kuwa kimetolewa papo hapo. Ukibadilisha na uso wa duka lenyewe, kwa mfano kung'oa milango ya mbao na kuweka vioo vitupu, hapo ndipo kibali cha ujenzi kinapoingia kando. Na kama jengo lingekuwa kwenye orodha, kingehitajika cha tatu, cha kugusa jengo la urithi. Hicho hakina ada, lakini kufanya kazi bila hicho ni kosa la jinai.

Sasa turudi kwenye lile boksi. Kanuni za 2007 zina jedwali la matangazo yenye ruhusa ya moja kwa moja, yaani yanayoweza kuwekwa bila kuomba, mradi masharti yatimizwe. Mabango ya biashara yasiyo na mwanga yamo katika Daraja la 5. Yenye mwanga yamo katika Daraja la 4, na humo mwanga unaoruhusiwa ni wa namna mbili tu: unaotoka nyuma ya herufi na kumwagika ukutani, au unaotoka ndani ya herufi moja moja bila kuangaza sehemu yoyote ya usuli. Boksi lenye uso mweupe unaong'aa wote halipiti hata kwenye barabara ya kawaida. Halafu linakuja sharti ambalo fundi hakulijua: ruhusa hiyo ya Daraja la 4 haifanyi kazi ndani ya eneo la hifadhi. Ndani ya mpaka huo, bango la nje la biashara lenye mwanga, hata likiwa dogo na la kistaarabu, kwa kawaida linaombewa.

Wengi hujaribu kupita hapa kwa kusema, "Basi tunaweka taa juu ya bango, si ndani yake." Haisaidii. Kanuni zinahesabu tangazo kuwa la mwanga likiwa limetengenezwa au kurekebishwa limulikwe kwa taa, iwe kwa mwanga wake au kwa mwanga unaoakisiwa, na likawa linamulikwa kweli, mfululizo au mara moja moja. Taa za shingo ya bata, yaani zenye mkono uliopinda, zilizoelekezwa kwenye ubao wa mbao uliopakwa rangi kwa mkono zinaufanya ubao huo uwe tangazo la mwanga.

Mpangaji alipopata barua alifanya jambo lenye akili: akachomoa waya. Hoja yake ilikuwa kwamba bango lisilowaka ni bango la kawaida, basi liingie Daraja la 5, ambalo linafanya kazi hata katika eneo la hifadhi. Kwa tafsiri ya kanuni, hoja hiyo ina nguvu. Daraja la 5 linataka herufi zisizidi milimita 750, zake zilikuwa 550. Linataka bango lisipite mita 4.6 kutoka ardhini, lake liliishia mita 3.6. Lakini sharti hilo lina nusu ya pili: bango lisipite pia usawa wa chini wa dirisha lolote la ghorofa ya kwanza lililo kwenye ukuta huo huo, na kipimo kinachotumika ni kilicho chini kati ya viwili. Vizingiti vya madirisha vilikuwa mita 3.5 kutoka kwenye njia. Boksi lilivipita kwa milimita 100. Kwa hiyo lilikuwa haramu likiwaka na haramu likizimwa.

Kosa hili la kimo hutokea kwa sababu moja ya kifundi. Ubao wa awali wa jina, ule wa mbao ulio kati ya vichwa viwili vya nguzo bapa, ulikuwa na kimo cha milimita 450 tu. Akriliki huja katika shiti kubwa, na boksi la milimita 900 linatumia shiti vizuri. Fundi aliuchukua ubao wa zamani kama mahali pa kufungia skrubu, akapanda nao juu hadi akafunika ukingo wa mbao uliochongwa juu yake na kugusa eneo la madirisha. Bango lilipangwa kwa vipimo vya kiwanda, wakati jengo lilikuwa tayari limemwonyesha mahali pa jina tangu lilipojengwa.

Jambo linalowashtua wenye maduka ni uzito wa kosa lenyewe. Ukijenga banda bila kibali, huwi mhalifu mpaka upewe notisi ya utekelezaji na uipuuze. Tangazo si hivyo. Kulionyesha bila kibali ni kosa la jinai tangu siku ya kwanza, na faini hufika pauni 2,500, pamoja na hadi pauni 250 kwa kila siku linapoendelea kuonekana baada ya hukumu. Anayehesabiwa kuwa mwonyeshaji ni mkaaji wa jengo, mwenye jengo, na pia mwenye biashara inayotangazwa. Mwenye nyumba aliye mbali naye yumo, isipokuwa athibitishe kwamba lilionyeshwa bila yeye kujua, au kwamba alichukua kila hatua ya busara kulizuia. Kwa kawaida halmashauri haikimbilii mahakamani. Huandika kwanza, hutoa muda wa kujibu, na hupendelea bango lishushwe au liombewe. Lakini barua hiyo isiwekwe kabatini.

Mpangaji akaomba kibali kwa boksi lilivyo, na hilo ndilo kosa lililomgharimu zaidi, muda na ada. Maombi yalikuwa na picha ya kompyuta ya duka mchana, bila skeli, na kwenye nafasi ya mwanga iliandikwa "LED" basi. Yalirudishwa kwanza kwa kutokamilika. Maombi ya tangazo yanahitaji ramani ya mahali, kwa kawaida ya skeli ya 1:1250, yenye mstari mwekundu kuzunguka eneo na alama ya kaskazini. Michoro ya uso wa jengo kabla na baada, skeli ya 1:50 au 1:100. Na mkato wa wima unaoonyesha bango limechomoza kiasi gani kutoka ukutani. Mkato huo ndio unaosahauliwa mara nyingi, nao ndio ofisa anaoutazama kwanza, kwa sababu hapo unene wa milimita 140 hauna pa kujificha. Kisha zinatakiwa vipimo vyote, nyenzo, rangi, kimo cha chini ya bango kutoka ardhini, namna ya kumulika, kama mwanga umetulia au unawaka na kuzima, na kiwango cha mng'ao kwa kandela kwa mita ya mraba. Wati si jibu, na lumeni nazo si jibu. Kinachoulizwa ni uso unaong'aa kiasi gani kwa macho ya mpita njia, na mtengenezaji wa bango anapaswa kuwa na namba hiyo au aipime. Taasisi ya wataalamu wa taa nchini humo imetoa mwongozo wa mng'ao wa mabango kulingana na ukubwa wake na giza la eneo, na maofisa wengi huutumia kama dari, si kama lengo. Katika mtaa wa zamani wenye taa hafifu za barabarani, chini ya dari hiyo ndipo mazungumzo yanapoanzia.

Yakakamilishwa, yakapokelewa, na ndani ya wiki nane zilizowekwa uamuzi ukaja: yamekataliwa.

Katika barua yake ya kuunga mkono maombi, mpangaji aliandika kurasa mbili juu ya ushindani wa maduka makubwa, ajira nne, na wateja wanaopita jioni bila kuliona duka. Hakuna hata sentensi moja kati ya hizo iliyoweza kupimwa. Kanuni zinairuhusu halmashauri kuangalia mambo mawili tu: mandhari ya mahali na usalama wa umma. Manufaa ya kibiashara hayamo kwenye mizani. Upande wa pili nao umefungwa vivyo hivyo. Ofisa hawezi kukataa kwa sababu jina la duka halimpendezi, au kwa sababu anaona mtaa hauhitaji duka jingine la simu. Katika eneo la hifadhi, mandhari hupimwa sambamba na wajibu wa kisheria wa mwaka 1990 wa kutoa uzito maalumu kwa kuhifadhi au kuboresha sura ya eneo. Kwa hiyo barua ya kuunga mkono inapaswa kuzungumza juu ya jengo: ubao uko wapi, ukingo unaonekana au la, mwanga unaangukia nini.

Hoja yake ya pili ilikuwa bora kidogo: jirani ana boksi kama hilo, tena la zamani. Ofisa alijibu kwa mistari miwili, na ingekuwa vizuri angeeleza zaidi. Eneo lililotumika mfululizo kuonyesha matangazo kwa miaka kumi bila kibali hupata ruhusa ya moja kwa moja chini ya Daraja la 13, mradi matumizi hayo hayakuongezwa wala kubadilishwa kwa kiasi kikubwa. Boksi la jirani huenda limepona kwa umri. Haliwi kielelezo kwa sababu hakuna aliyewahi kulipitisha. Kanuni hiyo hiyo inamnyima mpangaji wetu kudai kwamba duka lake limekuwa na bango kwa miaka mia moja: ubao wa rangi uliogeuzwa kuwa boksi la mwanga ni badiliko kubwa, na hesabu inaanza upya.

Kuhusu usalama, halmashauri haikuwa na pingamizi. Mabango machache ya maduka hukwama hapo, isipokuwa yakikaa karibu na taa za kuongozea magari au yakining'inia chini mno.

Baada ya kukataliwa kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni rufaa, na muda wake kwa matangazo ni wiki nane tu tangu kupokea uamuzi. Anayeuchanganya na ule wa miezi sita wa majengo yaliyoorodheshwa hujikuta amechelewa. Mkaguzi wa rufaa huangalia upya mandhari na usalama, lakini huangalia mchoro ule ule uliokataliwa. Rufaa si mahali pa kusanifu bango jipya. Kwa boksi linalofunika ukingo na kupita vizingiti, rufaa ingekuwa kusubiri jibu lile lile. Njia ya pili ilikuwa kushusha boksi na kuomba upya kwa kulipa ada nyingine. Ndiyo iliyochukuliwa.

Boksi liliposhuka, chini yake kulikuwa na ubao wa awali ukiwa mzima isipokuwa matundu 14 ya boliti na sehemu moja iliyooza, pale ambapo maji yalikuwa yameingia kwa kuwa bamba la madini ya risasi juu ya ukingo lilikuwa limekatwa kupitisha waya. Hilo ni jambo la kutazamia. Ukingo kazi yake ni kurusha maji mbali na ubao, na ukiutoboa, mbao zilizo chini yake ndizo zinazolipa. Sehemu iliyooza ilikatwa na kuungwa kwa mbao mpya ya umbo lile lile, bamba la risasi likarudishwa, na ubao ukapakwa rangi iliyofifia isiyong'aa. Uamuzi juu ya rangi hiyo haukuwa wa urembo tu, kama itakavyoonekana.

Kwa mwanga kulikuwa na machaguo matatu. La kwanza, na ambalo ningelipendekeza kwa maduka mengi, ni kutoweka mwanga kwenye bango kabisa: herufi za rangi kwenye ubao huingia Daraja la 5 bila maombi, na dirisha la duka likimulikwa vizuri kutoka ndani linavuta macho kuliko bango. Mwanga wa kawaida wa chumba cha duka si tangazo. Angalizo moja: bango linalong'aa lililotundikwa ndani, au bango lolote la ndani lililo karibu na kioo chini ya mita moja na linaloonekana nje, halitoki moja kwa moja nje ya kanuni.

La pili ni taa ndefu ya mfereji inayopita juu ya ubao mzima. Miongozo mingi ya halmashauri huipenda. Mara nyingi si chaguo zuri hivyo. Hukaa juu ya ukingo au mbele yake, hukusanya vumbi na maji, na huangaza ubao wote kwa usawa kiasi kwamba usiku unarudi kuwa boksi. Ikitumika iwe nyembamba, ipakwe rangi ya ukingo, na ifunike jina tu, si upana wote wa duka.

Lililochaguliwa ni la tatu: herufi moja moja za alumini zisizopitisha mwanga, kimo milimita 280, unene milimita 30, zilizosogezwa milimita 40 mbele ya ubao kwa vijiti, na LED zikitazama nyuma. Usiku herufi huonekana nyeusi ndani ya mng'ao laini. Umbali huo wa milimita 40 si wa kubahatisha. Ukipungua sana, kila LED huacha doa lake ubaoni. Ukizidi, mwanga hutawanyika na herufi hupoteza ukingo. Na ubao ukiwa na rangi ya kung'aa, LED zenyewe huakisiwa kama shanga, hata umbali ukiwa sahihi. Ndiyo sababu ya rangi isiyong'aa. Rangi ya mwanga, inayopimwa kwa kelvini, ilikuwa 2,700 yenye umanjano badala ya 6,500 nyeupe ya boksi la kwanza. Kwenye matofali mekundu, mwanga wa 6,500 huonekana wa hospitali.

Transfoma iliwekwa ndani ya duka mahali penye hewa, si nyuma ya ubao, ambako joto hufupisha maisha yake na fundi wa matengenezo hulazimika kubomoa ili aifikie. Waya wote ulipita tundu moja kwenye chokaa kati ya matofali. Tofali likitobolewa tundu halizibiki vizuri. Chokaa hutiwa nyingine. Skrubu zote zilikuwa za chuma kisichoshika kutu.

Boksi la duara la pembeni liliachwa. Mahali pake pakaja ubao wa kuning'inia usio na mwanga, milimita 600 kwa 600, kwenye mkono wa chuma, chini yake ikiwa mita 2.6 juu ya njia. Huo haukuhitaji kuombewa, lakini ulichorwa kwenye michoro ili ofisa aone duka zima na asije akaushangaa baadaye. Kabla ya kutegemea ruhusa ya moja kwa moja namna hiyo, uliza kwanza kama eneo lina agizo la Kanuni ya 7. Ni agizo la waziri linaloondoa ruhusa fulani mahali fulani, na hutumika hasa dhidi ya vibao vya mawakala wa nyumba katika maeneo ya hifadhi.

Maombi ya pili yalikuwa na mkato wa skeli ya 1:10 wa herufi moja, karatasi ya mtengenezaji yenye kiwango cha mng'ao, na aya nne juu ya ubao na ukingo. Ofisa aliomba jambo moja tu, kifaa cha kupunguza mwanga, ambacho kilikuwa tayari kwenye orodha ya vifaa. Kibali kikatoka kwa miaka mitano, kikiwa na masharti matano ya kawaida: bango litunzwe lisiharibu mandhari, liwe salama, likiondolewa mahali paachwe pasihatarishe watu wala kuharibu mandhari, lisizibe alama za barabarani, na lisiwekwe bila ruhusa ya mwenye mahali. Hili la mwisho lilimrudisha mpangaji kwenye mkataba wake wa pango, ambao ulitaka idhini ya maandishi kwa badiliko lolote la nje. Yakaongezwa matatu: mng'ao usizidi kiwango kilichoombwa, mwanga usiwake na kuzima, na uzimwe duka likifungwa. Saa ya kuzimia taa iligharimu kidogo kuliko barua moja ya wakili.

Usiku wa kuwasha, kipimo cha mng'ao kilichukuliwa kutoka mbele, mahali panapong'aa zaidi ubaoni, na kilizidi kiwango kwa karibu theluthi. Rangi ya ubao ilikuwa imekauka nyepesi kuliko sampuli na ilirudisha mwanga zaidi. Kifaa cha kupunguza kikashushwa, kikapimwa tena, na namba ikaandikwa kwenye faili pamoja na tarehe. Miaka mitano ikipita bango halilazimiki kushuka: ruhusa ya Daraja la 14 huliendeleza kama lilivyo, mpaka halmashauri itoe notisi ya kulisimamisha. Neno lenye uzito hapo ni "kama lilivyo", kwa hiyo mpangaji atakayefuata akibadilisha jina na ukubwa wa herufi anaanza na fomu mpya.